Kusimamia rauta ukiwa mbali: tengeneza kwanza njia ya kuingia, grafu zitakuja baadae

Wengi wanaofunga mitandao midogo huku kwetu, yani hotspoti za mtaani, intaneti ya shule, zahanati, hoteli, au hizi kampuni ndogo zinazorusha intaneti kwa antena kutoka mnara mmoja kwenda mwingine, wanaanza kazi hii kutokea mwisho. Mtu anafunga rauta Mlandizi, anafunga nyingine Chalinze, anarudi Dar, kitu cha kwanza anatafuta programu ya kumwonyesha grafu kwenye simu. Grafu zinakuja kweli, zinapendeza, afu siku inafika kila kitu kinakuwa chekundu na hawezi kuingia hata kwenye rauta moja aone kuna nini, anaishia kupanda basi. Anafika saiti anakuta kumbe umeme ulikatika tu na umesharudi.

Hapa kuna kazi mbili na watu wanazichanganya. Kusimamia ni kuingia kwenye kifaa ukabadilisha kitu, ukaapdeti, ukaiwasha upya. Kufuatilia ni kupata habari za kifaa bila kukigusa, kipo hewani au hakipo, kinapitisha data kiasi gani, joto, volti, signo. Zote mbili zinasimama juu ya kitu kimoja, njia ya kukifikia hicho kifaa, na msimamo wangu ni kwamba hiyo njia ndo kazi kubwa kuliko yote, na kosa linaloumiza watu, wakubwa kwa wadogo, ni kuifanya itegemee kitu kile kile ambacho kikiharibika ndo unakihitaji. Mifano nitachukua ya MikroTik, ile kampuni ya Latvia, kwa sababu ndo rauta ambazo mafundi wengi huku wanazo mkononi, ila mantiki ni ile ile kwa Ubiquiti, Cisco au TP-Link.

Kwa nini huwezi kuandika IP ukaingia tu

Ukiweka laini ya simu kwenye rauta ya 4G mara nyingi kampuni haikupi anwani ya IP ya kwako peke yako. Anwani za IPv4 hazitoshi, kwa hiyo wateja wengi wanawekwa nyuma ya anwani moja ya nje, mfumo unaitwa CGNAT, na mwaka 2012 ulitengewa kabisa anwani zake, kuanzia 100.64.0.0 mpaka 100.127.255.255. Ingia kwenye rauta yako uangalie upande wa WAN (ule unaotazama intaneti) imepewa nini. Ukiona namba ya kundi hilo, au inayoanza na 10, au 192.168, basi ujue IP unayoiona ukigugo "IP yangu ni ipi" siyo yako, na kutoka nje hamna mtu atakufikia hata ufungue porti zote (milango ya rauta), manake ombi likifika kwenye vifaa vya kampuni halina pa kwenda, vyenyewe havijui likuendee wewe au jirani yako. Starlink ya Kenya, iliyoingia 2023, kwenye vifurushi vya kawaida vya nyumbani ni hivo hivo.

Hapa ndo unakuta mtu anahangaika wiki nzima na DDNS, ile huduma ya kuipa IP inayobadilika jina lisilobadilika. DDNS inasaidia pale ambapo IP ni ya kwako kweli ila inabadilikabadilika. Kama IP siyo ya kwako, DDNS itakupeleka vizuri kabisa mpaka kwa kampuni na utaishia hapo hapo.

Sasa wapo wenye IP ya kweli, wanailipia kila mwezi, na hao ndo nawaonea huruma zaidi, maana kwao kosa ni rahisi. Anafungua Winbox, ile programu ya kuingilia rauta za MikroTik inayotumia porti 8291, kwa dunia nzima, paswedi anaweka ndefu, anaona yuko salama. Tarehe 23 Aprili 2018 MikroTik walitoa toleo la 6.42.1 la RouterOS, mfumo unaoendesha rauta zao, kuziba tundu kwenye Winbox ambalo lilimruhusu mtu wa mbali, bila kulogini kabisa, kusoma faili lenye majina na paswedi za watumiaji. Soma hapo tena, bila kulogini. Paswedi yako iwe na herufi 40 haisaidii kitu, kwa sababu hakuna anayeibahatisha, anaisoma. Dawa ilitoka mapema lakini watu hawakuapdeti, na kufikia katikati ya mwaka ule wezi wakaanza kuziingia rauta, nyingi za mwanzo zikiwa Brazil, wakawa wanabandika kodi ya Coinhive kwenye kurasa za wateja ili kompyuta za watu ziwachimbie sarafu za kidijitali. Idadi ikapita rauta laki 2.

Kilichofuata ndo somo lenyewe. Septemba 2021 Yandex ya Urusi ilipigwa na shambulio lililofika maombi milioni 21.8 kwa sekunde, kundi la vifaa vilivyotumika likapewa jina la Mēris, na MikroTik wenyewe wakaeleza kwamba rauta nyingi humo ndani ni zile zile zilizoingiliwa 2018. Wenye rauta walikuwa wameapdeti, wengine, ila paswedi hawakubadilisha, na mwizi alikuwa nayo tangu miaka mitatu nyuma. Kwa hiyo kama unayo rauta ya zamani uliyorithi kwa fundi mwingine, apdeti peke yake haitoshi, badilisha paswedi, angalia orodha ya watumiaji kama kuna jina usilolijua, angalia skedyula na skripti, angalia kama kuna sokisi proksi (SOCKS, ya kupitishia trafiki ya mtu mwingine) imewashwa. Ukiona chochote usichokielewa usijaribu kusafisha, futa kila kitu uifunge upya kwa Netinstall, programu ya MikroTik ya kuweka mfumo upya.

Kwa hiyo jibu la swali la watu wengi, "nifungue porti gani ili niingie nikiwa mbali", ni kwamba usifungue yoyote.

Acha rauta ndo ipige simu

Kuingia kutoka nje kunashindikana kwenye CGNAT, na pale kunapowezekana ni hatari. Kutoka ndani kwenda nje kunawezekana kila mahali. Basi tunageuza upande, rauta ya saiti ndo inaanzisha mawasiliano kwenda kwenye seva moja unayoimiliki yenye IP ya kweli, na mawasiliano hayo yanakaa wazi muda wote, wewe unapita humo humo kurudi kwenye rauta. Hili ni handaki la VPN, yani njia ya siri inayopita ndani ya intaneti, na kwa sasa ningemshauri mtu yeyote aanze na aina inayoitwa WireGuard. Iliingia kwenye kenel ya Linux 5.6 mwaka 2020, RouterOS ikaipata kwenye toleo la 7. Kama rauta yako bado iko toleo la 6 na haiwezi kupanda, VPN za aina ya SSTP au L2TP yenye IPsec zitafanya kazi, zinakera zaidi tu.

Unahitaji VPS (ndo hiyo seva, ya kukodi mtandaoni) ndogo kabisa, ya RAM GB 1 inatosha kwa handaki tu. Kila saiti inatengeneza ufunguo wake wa siri na wa wazi, ule wa wazi unaupeleka kwenye seva, wa siri hautoki kwenye rauta, usiutume hata WhatsApp. Seva inajua kwamba ufunguo huu ni wa saiti hii na anwani yake ndani ya handaki ni hii, mfano 10.99.0.11, na wewe simu yako na laptop yako nazo ni wateja wa seva hiyo hiyo, kila kimoja na ufunguo wake. Upande wa saiti lazima uweke keepalive, yani ujumbe mdogo wa kuweka njia wazi, kila sekunde 25 ndo watu wanatumia, kwa sababu vifaa vya CGNAT vinasahau mawasiliano ya UDP (namna ya kutuma data ambayo WireGuard inatumia) yakikaa kimya, na yakisahaulika seva haina njia ya kuirudia rauta. Watu wanaogopa itakula bando. Handaki likikaa tupu, keepalive na yale mabadilishano ya funguo haifiki hata MB 1 kwa siku.

Yapo mambo matatu ambayo hayaandikwi sana na ndo yanayotesa.

La kwanza ni anwani. MikroTik inakuja na 192.168.88.0/24, na fundi anafunga saiti kumi zote zikiwa na hiyo hiyo. Kila moja peke yake inafanya kazi vizuri. Siku unaziunganisha kwenye handaki ukitaka kufikia antena au kamera iliyo nyuma ya rauta, seva inaulizwa 192.168.88.20 iko wapi na kuna majibu kumi. Panga kabla hujafunga: saiti ya 11 ipate 10.11.0.0/24, ya 12 ipate 10.12.0.0/24, na kwenye handaki zimalizikie .11 na .12, hivo ukiona namba tu kwenye logi (kumbukumbu za matukio) unajua ni wapi. Kubadilisha baadae inawezekana ila kila kamera, kila printa na kila kompyuta iliyowekewa IP kwa mkono itakudai.

La pili ni saa. Rauta nyingi ndogo hazina betri ya saa, umeme ukikatika ukarudi inaamka ikiwa haijui leo ni lini. WireGuard kila ikianza mawasiliano inatuma muda pamoja na ufunguo, na seva inakataa muda wowote ulio nyuma ya ule iliouona mwisho, kujikinga na mtu anayerudia ujumbe wa zamani. Matokeo yake rauta inaamka, intaneti ipo, wateja wanatumia, handaki halisimami, na wewe unaona saiti imekufa. Dawa ni NTP, huduma ya kuchukua saa sahihi mtandaoni, na uhakikishe NTP inapita kwenye intaneti ya kawaida, siyo ndani ya handaki lenyewe, manake hapo handaki linasubiri saa na saa inasubiri handaki.

La tatu ni mahali seva ilipo. Ulaya ni bei nafuu na inafanya kazi vizuri siku zote isipokuwa siku ambayo unaihitaji. Tarehe 12 Mei 2024 kebo mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika eneo la Msumbiji na Afrika Kusini, na Tanzania, Kenya, Uganda na majirani wengine wakapata shida kubwa ya intaneti. Mtu mwenye seva Ujerumani siku ile alikuwa anaona saiti zake zote zimezimika wakati rauta ziko hewani zinapumua, na mbaya zaidi hakuwa na uwezo wa kuziingia kuhamisha wateja kwenye njia iliyobaki. Seva ikiwa Dar au Nairobi, na kampuni yako ya intaneti inabadilishana trafiki ndani ya nchi, Dar kuna TIX na Nairobi kuna KIXP, njia yako ya usimamizi haipiti baharini kabisa. Seva ya ndani ina gharama zaidi kidogo, na naona ni pesa ya halali.

Handaki likishasimama, rudi kwenye rauta uzime visivyohitajika pale IP halafu Services, telnet, ftp, www, api, uviache Winbox na SSH (ya kuingia kwa amri za maandishi), na hivyo viruhusu tu kutoka kwenye anwani za handaki na porti moja ya ndani kwa ajili ya fundi atakayekuwa saiti kimwili. Na kwenye VPS yenyewe SSH iwe ya ufunguo, siyo paswedi. Hiyo seva sasa inaweza kuingia kila mahali, kwa hiyo ndo kitu cha thamani kuliko vyote ulivyo navyo, usiitumie kuweka tovuti ya shemeji yako.

Kujifungia nje

Ukikaa mbali, amri moja ya fayawoli inatosha kukukata. Unaandika zuia kila kitu, unakusudia kuruhusu handaki kwenye mstari unaofuata, kumbe mstari wa kwanza umeshafanya kazi na wa pili hautafika kamwe.

MikroTik wana kitufe cha Safe Mode, juu kushoto kwenye Winbox, au Ctrl+X kwenye terminali. Ukikiwasha, kila unachobadilisha kinafanya kazi papo hapo ila hakiwi cha kudumu mpaka uzime Safe Mode mwenyewe. Mawasiliano yakikatika kabla, rauta inarudisha kila kitu kilivyokuwa, ingawa kama muunganisho umekufa kimya inaweza kuchukua dakika 9 hivi kugundua, kwa hiyo usianze kutafuta basi dakika ya tatu. Kuna mpaka wake pia, inakumbuka mabadiliko 100 tu, ukibandika skripti ndefu ikazidi hapo Safe Mode inajizima na hairudishi chochote. Kwenye rauta za Juniper kuna "commit confirmed", usipothibitisha ndani ya dakika 10 inarudi nyuma yenyewe. Kwenye Cisco za kawaida mafundi wanaandika "reload in 10" kabla ya kugusa kitu, wasiposevu na wakajifungia, kifaa kinajiwasha upya na konfigi (mipangilio) ya zamani, wakifanikiwa wanaifuta ile amri. Mimi nasema hii iwe kama kufunga mkanda, hata kama unabadilisha jina la rauta tu.

Njia ya pili, isiyopita kwenye ile ya kwanza

Handaki letu lote bado linapita kwenye intaneti ile ile ya saiti. Intaneti ikifa, handaki limekufa nalo. Kwa mtandao mdogo unaweza kuvumilia, ila tuangalie nini kiliwapata waliokuwa na pesa na wataalamu kuliko sisi sote.

Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, WhatsApp na Instagram zilipotea dunia nzima kama masaa sita. Amri ya matengenezo ilikata uti wa mgongo wa mtandao wao, seva zao za DNS (zinazogeuza majina kuwa anwani) zikaona haziwezi kufikia vituo vya data zikajiondoa zenyewe kwenye BGP, mfumo ambao mitandao inatangaziana njia, na kutoka hapo dunia ikasahau Facebook iko wapi. Wahandisi walipotaka kuingia kwa mbali njia ya kawaida ilikuwa imekufa, na ile ya dharura nayo haikufanya kazi, na zana zao za ndani zilitegemea DNS hiyo hiyo. Ikabidi watu waende kimwili, kwenye majengo ambayo yamejengwa makusudi yawe magumu kuingia.

Mwaka uliofuata, 8 Julai 2022, ikawa zamu ya Rogers ya Kanada. Kwenye kuboresha mtandao waliondoa kichujio kimoja kwenye rauta, njia nyingi kupita kiasi zikamwagika kwenye rauta za katikati, zikazidiwa, wateja zaidi ya milioni 12 wakabaki bila intaneti wala simu, hata mfumo wa malipo wa Interac ukasimama. Mtandao wao wa usimamizi ulitegemea mtandao ule ule wa katikati, kwa hiyo wahandisi walikuwa vipofu. Na wafanyakazi wenyewe walikuwa na laini za Rogers, wakashindwa hata kupigiana simu, ikabidi zitafutwe laini za kampuni nyingine zipelekwe kwa watu.

Sisi saiti zetu ni tano au thelathini, lakini umbo la tatizo ni lile lile. Kwenye saiti muhimu, ile ambayo nyingine zinapokea kutoka kwake, weka kirauta kidogo cha 4G chenye laini ya kampuni tofauti na inayokuletea intaneti, kiwe na handaki lake kwenda kwenye seva, na kiunganishwe kwenye porti ya usimamizi ya rauta kubwa, ikiwezekana na kebo ya konsoli (ya kuingia kwenye kifaa moja kwa moja bila mtandao), manake konsoli inafanya kazi hata pale konfigi ya IP imevurugika yote. Kipate umeme kwenye betri, siyo soketi ya ukutani. Hakikisha kampuni hizo mbili hazipandi mnara mmoja, huku vijijini ni kawaida kampuni zinashea mnara, umeme wa mnara ukifa zote zinaondoka pamoja.

Na bando. Laini ya dharura inakaa miezi bila kuguswa, bando linaisha muda wake, mwisho laini yenyewe inafungwa kwa kutotumika, unagundua siku ya tukio. Ipe kazi ndogo ya kila siku, ping (ujumbe mfupi wa kuuliza kama kifaa kipo) kila dakika tano kutoka kwenye seva, na iwekwe kwenye ufuatiliaji kama kifaa kingine chochote, ikipotea upate ujumbe saa hiyo hiyo.

Kuna wanaotegemea watchdog, yani rauta ijiwashe upya yenyewe ikishindwa kuping anwani fulani. Sawa, ila ukiipa 8.8.8.8, ile ya Google, na intaneti ya kampuni ikakatika masaa manne, rauta yako itakuwa inajiwasha na kujizima masaa manne, na wateja waliokuwa wanatumia kamera na seva za ndani nao wanapoteza. Heri utumie Netwatch, zana ya MikroTik ya kuangalia anwani kama inajibu, ifanye kitu kidogo kwanza, izime na kuwasha kiolesura cha 4G, na kuwasha upya rauta nzima iwe hatua ya mwisho baada ya muda mrefu.

Sasa ndo grafu

Kwenye ufuatiliaji vitu ni vitatu, ping, SNMP na logi, na kila kimoja kinajibu swali lake.

Ping inajibu kama kipo na kinachelewa kiasi gani. Usiangalie tu kipo au hakipo, angalia paketi zinazopotea. Laini inayopoteza asilimia 3 kila jioni iko hewani kwa mujibu wa programu, lakini mteja anayeongea kwenye video anakutukana.

SNMP ni lugha ya zamani ya kuuliza vifaa hali yao, ya mwisho wa miaka ya 1980, na bado ndo lugha ambayo karibu kila kifaa kinaielewa, kuanzia swichi mpaka UPS. Seva inauliza kwa UDP porti 161, kifaa kinajibu, na kifaa kikiwa na la dharura kinatuma chenyewe kwa porti 162. Wengi wanachanganyikiwa na hesabu za trafiki. Kifaa hakikuambii spidi, kinakupa jumla ya baiti zilizopita tangu kiwake, kama mita ya maji nyumbani, unasoma leo, unasoma kesho, unatoa, unapata matumizi. Seva inasoma kila baada ya dakika 5 au 1, inatoa, inagawa kwa sekunde, inachora. Sasa mita ya zamani ni ya biti 32, inajaa ikifika baiti bilioni 4.29 na kuanza sifuri. Kwenye laini ya Mbps 100 iliyojaa inazunguka ndani ya dakika 6 kasoro, kwenye Gbps 1 ni sekunde 34, kwa hiyo ukisoma kila dakika 5 imeshazunguka mara kadhaa na grafu inakudanganya, inakuonyesha kidogo wakati laini imejaa. Tumia zile za biti 64, zinaitwa ifHCInOctets na ifHCOutOctets. Programu nyingi zinazichagua zenyewe lakini ukiona grafu ya laini kubwa ina mabonde ya ajabu, anzia kukagua hapo.

Toleo la 1 na la 2c la SNMP havifichi kitu, lile neno la siri linapita wazi, na vifaa vingi vinatoka kiwandani likiwa "public". Ndani ya handaki 2c inavumilika, handaki linaficha, ila badilisha neno, ruhusu seva moja tu na iwe kusoma peke yake. Ukipita nje ya handaki tumia toleo la 3.

Vitu gani upime? Hapa naona watu wanapima CPU na RAM kwa sababu ndo zinakuja tayari kwenye templeti, na wanaacha vile vinavyoua saiti huku kwetu. Anza na volti. Rauta nyingi za MikroTik zinatoa volti inayoingia, na kama saiti iko kwenye betri ya volti 12 utaiona inashuka taratibu, ikifika 11.8 imekaribia kuisha, una muda wa kumpigia mlinzi awashe jenereta au amwambie mwenye nyumba anunue LUKU. Afu muda tangu kifaa kiwake. Saiti ikipotea ikarudi, huo muda ndo unakuambia kama ulikuwa umeme au laini, ukikuta rauta ina siku 40 tangu iwake basi umeme haukukatika, ni antena au kampuni. Afu signo ya antena, na usitazame namba peke yake, tazama ilivyokuwa mwezi uliopita. Laini iliyokuwa -58 dBm na sasa ni -66, yani dhaifu zaidi, bado inafanya kazi vizuri tu, lakini kuna kitu kimesogea, upepo umeigeuza antena au mwembe wa jirani umekua, na unaweza kupanga safari yako kabla mteja hajajua.

Logi zitume kwenye seva, UDP porti 514, kwa sababu rauta inaziweka kwenye RAM na ikizima zinaondoka nazo sekunde zile zile ulizokuwa unazitaka. Na saa ziwe sawa kila mahali, zote UTC+3, vinginevyo kulinganisha tukio la saiti mbili ni kubahatisha.

Programu zipo za bure. Zabbix, nayo ya Latvia, inaweza karibu kila kitu ila ina darasa lake refu. LibreNMS unaipa tu IP na neno la SNMP inagundua mwenyewe porti zote, kwa mtu mwenye saiti chini ya hamsini ningeanzia hapo. Kama unataka ping na ujumbe wa Telegram tu, Uptime Kuma unaifunga jioni moja.

Ujumbe wa tahadhari nao una adabu yake. Saiti mama ikianguka na nyuma yake kuna antena kumi na nane, hutaki jumbe kumi na tisa, unataka mmoja. Kwa hiyo ieleze programu nani anategemea nani, kwamba Chalinze inapita Mlandizi, Mlandizi ikifa usinipigie kelele za Chalinze. Subiri ping tatu zishindwe kabla ya kutuma. Usiku wa manane itume yale tu ambayo utaamka kuyafanyia kitu, mengine yasubiri asubuhi, kwa sababu mtu akishazoea kufuta jumbe bila kusoma, atafuta na ule wa kweli.

Na nani anaiangalia seva yenyewe ya ufuatiliaji? Ikifa, hutapata ujumbe wowote, na ukimya unafanana kabisa na siku nzuri. Weka kitu kidogo nje yake, kwenye seva nyingine ya kampuni nyingine, kinachosubiri salamu kila dakika tano, salamu isipofika ndo kinakutumia ujumbe.

La mwisho ni bekapu ya konfigi, itoke kila usiku kwenda kwenye seva, na siyo lile faili la bekapu la MikroTik peke yake, hilo limekusudiwa kurudi kwenye kifaa kile kile. Toa na maandishi kwa amri ya export, hayo unaweza kuyasoma, kulinganisha jana na leo nani alibadilisha nini, na kuyabandika kwenye rauta ya modeli nyingine radi ikiunguza ya kwanza. Kumbuka kwenye toleo la 7 export inaficha paswedi na funguo mpaka uiombe kwa show-sensitive, na ukiziomba faili hilo lifichwe vizuri. Kila fundi awe na jina lake la kulogini na ufunguo wake wa handaki, msishee "admin", ili akiacha kazi unafuta ufunguo mmoja kwenye seva na mengine yote yanaendelea.